Kuutazama mtego wa Utricularia kabla haujafyatuka

Utricularia ni mmea unaonasa wanyama wadogo wa majini kwa vifuko vyenye mlango, vinavyowafyonza ghafla vinapofyatuka. Picha nyingi za mitego yake zinazosambaa mtandaoni ni za mitego iliyokwisha kufyatuka. Kifuko kimevimba, ndani kuna povu la hewa, na kuta zimetuna kwa nje. Picha hizo zinapendeza, lakini ni za kifaa kilichokwisha kumaliza kazi. Mtego uliotegwa una umbo jingine kabisa, na ukiukosa umbo huo umekosa jambo lenyewe. Kuupata chini ya lenzi ukiwa bado umetegwa hakuhitaji hadubini ya bei kubwa. Kunategemea namna ulivyoutoa mmea majini, namna ulivyoukata, na subira yako baada ya hapo.

Utricularia wa majini hana mizizi. Ni shina jembamba linaloelea chini kidogo ya uso wa maji, lenye majani yaliyochanikachanika kuwa nyuzi, na juu ya nyuzi hizo ndiko viliko vifuko. Shina hukua kwa mbele na kuoza kwa nyuma, hivyo ukilifuata kutoka nchani kurudi nyuma unasoma umri wa mitego kwa mpangilio: michanga, iliyokomaa, iliyochoka, iliyokufa. Afrika Mashariki spishi utakazokutana nazo mara kwa mara ni U. gibba, yenye maua madogo ya njano na mitego ya milimita 1 hadi 2; U. stellaris, yenye maua ya njano na pete ya maboya yaliyojaa hewa kwenye bua la maua, U. inflexa, yenye maboya pia lakini maua yake ni meupe au ya zambarau hafifu yenye mistari, na U. reflexa, ambayo mitego yake mikubwa ndiyo bora kwa anayeanza. Zitafute kwenye maji yaliyotulia na yenye rutuba kidogo: majaruba ya mpunga, madimbwi ya mvua, kingo za mafunjo, mitaro isiyo na mkondo. Msimu wa maua kazi ni rahisi. Pasipo maua, mmea unafanana sana na mwani wa nyuzi. Uchote kwa beseni jeupe pamoja na maji yake. Ukiona vitone vidogo vimejipanga kwenye nyuzi, umeupata.

Kabla hujaingiza mkono majini, kumbuka kichocho. Maji yaliyotulia, yenye majani na konokono, ndiyo hasa makao ya ugonjwa huo, na ndiyo hayohayo anayoyapenda Utricularia. Vaa buti za mpira na glavu ndefu, na usiingie ukiwa pekupeku hata kama dimbwi ni la kifundo cha mguu. Ukifika nyumbani ondoa konokono wote kwenye chombo, kisha maji yakae siku 2 bila kuyashika. Viini vya kichocho vinavyoogelea vikitafuta ngozi huishi muda mfupi visipopata mtu, na baada ya saa 48 hatari hiyo inakuwa imepita. Siku hizo 2 zinaufaa mmea pia, kwa sababu mitego iliyotikiswa njiani inapata nafasi ya kujitega upya. Funika chombo kwa kipande cha chandarua, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Sasa kosa linaloharibu kazi kuliko yote: kuunyanyua mmea nje ya maji. Mtego uliotegwa una shinikizo la ndani lililo chini ya lile la nje kwa takriban bar 0.15, yaani sawa na uzito wa safu ya maji yenye kina cha mita 1.5. Ukiuinua mmea hewani, maji yanayochuruzika yanavuta vinyweleo vya mlangoni, mtego unafyatuka, na kinachoingia ni hewa. Povu hilo linabaki ndani, linapindisha mwanga, linaficha tezi zote, na mtego unaelea kichwa chini unapotaka kuulaza. Kwa hiyo usiuvute mmea. Zamisha beseni chini yake, uache uingie wenyewe, kisha inua beseni pamoja na maji. Kwenye safari jaza chupa mpaka mdomoni ili maji yasichapechape, weka mashina machache tu, na uikinge na jua. Chupa iliyofungwa iliyoachwa ndani ya gari mchana huupika mmea kwa muda mfupi sana.

Kwa kutunza, tumia maji ya mvua. Maji ya bomba yenye chokaa au klorini huwadhoofisha. Kama huna jingine, yaache wazi usiku kucha klorini itoke, ingawa chokaa itabaki palepale. Mwanga mwingi usio wa jua kali la mchana unatosha. Weka chini majani makavu machache ya nyasi za majini, ambayo yakioza polepole huupa mmea kaboni dioksidi. Usitie mbolea ya aina yoyote. Wanaotia mbolea wakidhani wanausaidia wanaulisha mwani, na mwani wa nyuzi ukishajifunga kwenye majani yaliyochanika hivyo hautoki bila kuyang'oa. Dawa yake ni kuzuia tu: suuza mashina kwenye maji safi mara 2 au 3 siku ya kwanza, na anza na ncha safi zenye urefu wa sentimita 10.

Kukata na kulaza

Fanya kila kitu chini ya maji. Weka kipande cha shina kwenye sahani ya petri yenye maji ya kina cha sentimita 1 yaliyotoka kwenye chombo hichohicho; maji mengine yenye joto tofauti yanaushtua mmea. Usianzie nchani, kwa sababu mitego ya pale bado haijafunguka. Rudi nyuma sentimita chache, mpaka uone vifuko angavu vya kijani vyenye papasi, yaani nyuzi zenye matawi zilizo mdomoni, zilizotanuka vizuri. Vilivyogeuka zambarau iliyokoza au vyeusi ni vya zamani. Vitafaa baadaye kwa kuangalia mabaki ya mawindo. Kata uzi wa jani kwa mkasi mdogo mkali, mtego ukiwa umeshikamana na kipande cha uzi huo. Usiuvute mtego kwa kibano na usiubane kifuko chenyewe. Ukuta una unene wa seli 2 tu, na ukitoboka hata kidogo hautaweza tena kujitega, hata kama kwa macho unaonekana mzima.

Mkato wenyewe utafyatua baadhi ya mitego. Hilo halina neno. Mtego uliokatwa kwenye mmea huendelea kufanya kazi, kwa kuwa tezi zake zenyewe ndizo zinazosukuma maji nje. Acha sahani itulie kwa dakika 30, ikiwezekana saa nzima. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanakata, wanaweka kwenye slaidi, wanatazama papo hapo, kisha wanaandika kwamba hawakuona tofauti yoyote.

Kuhamisha mtego kwenda kwenye slaidi, tumia pipeti uliyoikata ncha ili tundu lake lizidi upana wa mtego, na uuchukue ndani ya tone la maji. Kifuniko cha slaidi kikiwekwa moja kwa moja kitauponda. Slaidi yenye kishimo ndiyo bora; usipokuwa nayo, weka vidonge vidogo vya udongo wa kuchezea kwenye pembe 4 za kifuniko, kisha kishushe polepole mpaka kiguse tone bila kugusa mtego. Hadubini ya kupasulia, ile ya macho mawili inayokuza mara 10 hadi 40, inafaa zaidi kuliko ile ya shule kwa sehemu kubwa ya kazi hii, kwa sababu unatazama moja kwa moja kwenye sahani bila slaidi wala kifuniko. Ukitumia ya shule, baki kwenye lenzi ya 4 na ya 10. Ile ya 40 husogea karibu mno na kitu, na hapa itagonga kifuniko. Taa ya zamani inayotoa joto izimwe kila unapopumzika. Tone dogo hupata joto au kukauka, na mtego unaojifyatukia kwa joto unaweza kukudanganya kuwa umeguswa.

Ulaze mtego kwa namna mbili tofauti, maana kila upande una habari yake. Ukiulaza ubavu, unaona mdomo, papasi, bua linaloushika mtego kwenye jani, na mlango kwa mkato, lakini unakosa unene wa kifuko. Ukiusimamisha ili mdomo au mgongo uelekee kwako, unaona kuta mbili za ubavuni, na hapo ndipo hali yake inapojidhihirisha: kuta zilizobonyea kuelekeana ni mtego uliotegwa, kuta zilizotuna ni mtego uliofyatuka. Sindano mbili laini zinatosha kuugeuza, ukigusa uzi wa jani na kuepuka kifuko. Kupima unene, piga picha kupitia kioo cha jicho, kisha piga rula ya plastiki kwa ukuzaji uleule na ulinganishe. Fanya hivyo kwa mtego mmoja kabla na baada ya kufyatuka, kisha kila dakika 5 kwa nusu saa. Utapata mchoro wa jinsi maji yanavyosukumwa nje: haraka mwanzoni, taratibu kuelekea mwisho. Kwa jumla kiasi cha maji kinachotolewa ni kama asilimia 40 ya ujazo wa kifuko kilichovimba.

Mlangoni

Mlango uko kati ya papasi na bua. Upande wa juu umeshikamana na kifuko kwa bawaba pana, na ukingo wa chini ulio huru umekaa juu ya kizingiti kinene. Pale ukingo unapokutana na kizingiti, utando mwembamba sana unaziba ufa uliobaki. Bila utando huo maji yangepenya na shinikizo lisingejengeka. Kwenye uso wa nje wa mlango, karibu na ukingo wa chini, kuna vinyweleo vya kufyatulia. Kwa U. gibba hesabu 4. Ukiviona 3, geuza kidogo mwanga kabla ya kuandika, kwa sababu kimoja hujificha nyuma ya kingine. Papasi zenye matawi na nywele ndefu za pembeni mwa mdomo hazifyatui chochote. Kazi yake ni kuwaelekeza wadudu wadogo wa maji wanaotambaa juu ya mmea mpaka kwenye njia ya mlango, na kuzuia takataka kubwa. Wanaoanza huzigusa papasi kwa sindano mara nyingi na kuhitimisha kwamba mtego umekufa.

Gusa vinyweleo vya mlangoni. Chukua unywele mmoja wa kichwani, ubandike kwenye kijiti kwa gundi, ubakishe milimita 5 hivi, kisha usogeze kutoka chini kuelekea mlangoni. Ukigusa sawasawa hutaona mlango ukifunguka. Utaona tu kwamba kifuko kilichokuwa kimebonyea sasa kimetuna. Hesabu inaeleza kwa nini. Mlango hufunguka kwa takriban nusu milisekunde. Video ya kawaida ya simu huchukua picha 30 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 33. Hata ile ya mwendo wa polepole yenye picha 240 huacha milisekunde 4 kati ya picha na picha. Tukio zima linapita katikati ya nafasi hiyo. Kundi la watafiti lililofanya kazi Grenoble, Ufaransa, na kuchapisha matokeo mwaka 2011, lilihitaji kamera za hadi picha 15,000 kwa sekunde ndipo likauona mlango: unakuwa umetuna kwa nje, unapoguswa unajipindua ghafla kuelekea ndani, maji yanaingia kwa mchapuko unaofikia mara 600 ya ule wa mvutano wa dunia, kisha mlango unarudi mahali pake. Simu yako itakupa kabla na baada, na hizo mbili zikipigwa vizuri zina thamani kubwa.

Charles Darwin alipoandika kuhusu mimea hii mwaka 1875 alidhani wanyama wanajipenyeza wenyewe kwa kuusukuma mlango kwa vichwa. Mwaka huohuo Mary Treat wa New Jersey, Marekani, alieleza alivyowaona wakinaswa, na Darwin alimtaja kwa heshima. Ufyonzaji wenyewe ulielezwa baadaye, Frank Brocher alipoandika mwaka 1911 juu ya kuta zinazobonyea na kutuna. Kwa anayetazama mitego iliyofyatuka tu, wazo la Darwin ni la busara kabisa, na ndiyo sababu nasisitiza mtego uliotegwa.

Ufyonzaji unaweza kuthibitishwa bila kamera. Weka mtego uliotegwa kwenye maji, kisha kwa pipeti nyembamba sogeza tone dogo la wino mweusi uliochanganywa na maji mara 10 karibu na mdomo. Ufyatue kwa unywele. Vumbi la wino linaonekana ndani mara moja, na ukisuuza mtego kwa maji safi linabaki. Mtego wa pili uachwe kwenye wino bila kuguswa kwa dakika zilezile. Ndani unatakiwa ubaki safi. Rudia kwa mitego kadhaa, kwa sababu Utricularia hujifyatua yenyewe bila kuguswa kila baada ya saa kadhaa, na mmoja ukijifyatua wakati wa jaribio utakuvuruga.

Kwa windo hai, tumia viroboto wa maji walio wadogo, au viluwiluwi vya mbu vya siku ya kwanza. Saizi ndiyo kila kitu. Kiumbe kinachotosha mdomoni humezwa kizima. Kiluwiluwi kikubwa hunaswa mkia, mlango ukafunga kukizunguka, na mtego ukaendelea kukivuta kidogokidogo kila unapojitega na kufyatuka tena. Watafiti nchini Uganda wameijaribu U. reflexa dhidi ya viluwiluwi vya mbu, jambo ambalo kwa nchi zetu lina uzito wake. Windo likishaingia, lifuatilie: mara nyingi linatulia baada ya muda kwa kukosa oksijeni, kwa sababu ndani ya kifuko oksijeni karibu haipo.

Ndani ya kifuko

Kuona tezi, pasua. Chagua mtego mkubwa, ulaze ubavu, na kwa wembe mpya ukate mara moja kuanzia mgongoni ili mlango na kizingiti vibaki upande mmoja. Fungua nusu hizo, zilaze uso wa ndani ukiwa juu, na hapa kifuniko kinaweza kuwekwa moja kwa moja, na lenzi ya 40 kutumika. Ukuta wote wa ndani umejaa tezi za mikono 4. Karibu na kizingiti zimebadilika na kuwa za mikono 2. Hizi za mikono 2 zinahusishwa na kusukuma maji nje, na zile za mikono 4 na kutoa vimeng'enya na kufyonza chakula. Usipite haraka: chora urefu wa mikono na pembe kati yake, kwa kuwa katika spishi kadhaa zinazofanana hicho ndicho kipimo kinachozitenganisha pale ambapo hakuna ua.

Kama klorofili inaziba mwanga, loweka nusu ya kifuko kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Simama hapohapo ukitazama. Dakika chache zinatosha, na ukichelewa ukuta unayeyuka. Suuza mara 3. Methilini bluu hafifu, ile inayouzwa kwa ajili ya samaki wa mapambo, hupaka tezi haraka kuliko ukuta unaozizunguka na kuzifanya zionekane waziwazi.

Kitu cha kijani ndani ya kifuko si lazima kiwe windo. Mitego mingi, hasa ya zamani, ina mwani hai, bakteria na protozoa wanaoishi humo bila kumeng'enywa, na wengine huzaliana. Andika "windo" pale tu unapoona ganda, miguu, au mwili uliobainika wa mnyama. Na mtego mtupu si mtego mbovu. Kwenye maji yenye wadudu wachache, sehemu kubwa ya mitego hufikia mwisho wake bila kukamata mnyama.

Wanaobahatika kuiona Aldrovanda vesiculosa, iliyopo Afrika katika sehemu kama delta ya Okavango nchini Botswana, wajue kwamba kanuni za hapo juu hubadilika. Hiyo ni mmea mwingine wa majini usio na mizizi, spishi pekee iliyobaki ya jenasi yake, na iko hatarini kutoweka. Haifyonzi. Mitego yake, yenye urefu wa milimita chache, imepangwa kwa duru kuzunguka shina, na kila mmoja una vipande viwili vinavyofumba vikiwa na vinyweleo takriban 40 vya kuhisi. Vipande hivyo havijipindui kama mlango wa Utricularia. Mshipa wa katikati ndio unaopinda na kuvikutanisha. Kwenye maji ya joto hufumba kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo hapa simu ya picha 240 huambulia kitu. Itazame palepale ilipo, kwa lenzi ya mkono na beseni jeupe, na usiikate.

Mabaki ya kazi yako yasimwagwe mtoni wala kwenye bwawa lingine. Kipande kidogo cha U. gibba kinatosha kuanza mmea mpya, na maji yenyewe yanaweza kuwa na mayai ya konokono. Yamwage juu ya udongo mkavu mbali na maji, anika mashina juani mpaka yavunjike, na sahani zilizokuwa na wino au klorini zioshwe kando, zisirudi kwenye chombo chenye mimea hai.